Jinsi ya Kufuatilia Sura ya Mwanamke na Mwanamume katika Magazeti na Redio za Kiswahili, Mwaka hadi Mwaka

Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba siku hizi vyombo vya habari vinamheshimu mwanamke kuliko zamani, na mara nyingi vilevile tunasikia kwamba zamani ndiko kulikokuwa na heshima na leo imebaki kudhalilishana tu. Kauli zote mbili husemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajafungua gazeti la mwaka 1970. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi, mwalimu, mwanahabari au mwanachama wa kikundi chochote anayetaka kujua ukweli wa jambo hili kwa kulichunguza mwenyewe. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu huko ndiko magazeti na redio za Kiswahili zina historia ndefu, lakini njia yenyewe inamfaa hata aliyeko Mombasa au Bujumbura.

Anza na swali dogo. Swali la “vyombo vya habari vinamwonaje mwanamke” halina mwisho, na atakayeanza nalo ataishia kuokota habari zinazoafiki alichokuwa akikiamini tangu awali. Swali linalofanyika ni la namna hii: katika ukurasa wa kwanza na wa tatu wa gazeti moja la Kiswahili, miaka ya 1966, 1986, 1996 na 2016, ni nani waliopewa nafasi ya kusema, waliitwa kwa majina gani, na walionyeshwa wakifanya nini? Ni vyema kuchagua gazeti lililodumu. Gazeti la Uhuru, kwa mfano, lilianza mwaka 1961 na limepita katika enzi ya TANU, ya CCM peke yake, na ya vyama vingi, hivyo mtafiti anaweza kulilinganisha na lenyewe. Ukilinganisha gazeti la chama la mwaka 1966 na gazeti la udaku la mwaka 2006, hutajua kama kilichobadilika ni nchi au ni aina ya gazeti. Magazeti ya watu binafsi yaliongezeka sana baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, na yanastahili kuchunguzwa, lakini kwa hesabu yao wenyewe.

Magazeti ya zamani hupatikana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, katika Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwa upande wa Zanzibar katika Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani. Huko Nairobi kuna Nyaraka za Kitaifa za Kenya. Omba ruhusa mapema, beba penseli, na uandike kila toleo linalokosekana, maana mapengo yasiyoandikwa humfanya msomaji wako adhani umeona kila kitu. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga ukurasa mzima. Habari ya mwanamke iliyobanwa chini kabisa, pembeni ya tangazo la sabuni, inasema jambo ambalo maneno ya habari hiyo peke yake hayalisemi.

Huwezi kusoma kila toleo la mwaka, kwa hiyo utachagua sampuli. Njia rahisi na ya kuaminika ni kuunda wiki kutoka wiki mbalimbali: chukua Jumatatu ya wiki moja, Jumanne ya wiki nyingine, Jumatano ya nyingine, mpaka upate siku saba zilizotawanyika katika mwaka mzima, kisha urudie hivyo mara ya pili ili uwe na matoleo kumi na manne kwa kila mwaka. Sababu yake ni kwamba gazeti la Jumatatu hujaa mpira na la Jumapili hujaa makala za ndoa na mapenzi, na wiki moja nzima inaweza kumezwa na msiba mmoja wa kitaifa. Wiki ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, iweke kando, na vilevile siku kumi na sita za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Zihesabu kwa jedwali lake, kwani katika siku hizo wanawake hujaa kurasani kisha hutoweka, na ukizichanganya na siku za kawaida utaandika mabadiliko ambayo hayakutokea.

Baada ya hapo tengeneza fomu ambayo kila mtu anayetajwa katika habari ana mstari wake. Andika tarehe, ukurasa, mada, jina, jinsia, jina la heshima au cheo alichoitwa nacho, kama amenukuliwa, kama ana picha, kama ametambulishwa kwa undugu wake na mtu mwingine, na kama ameonyeshwa kuwa mtu aliyedhurika. Kisha andika kazi aliyopewa katika habari hiyo: je, ni yeye anayehusika, ni msemaji wa taasisi, ni mtaalamu anayefafanua, ni shuhuda, ni mtu anayesimulia yaliyomfika, au ni mwananchi wa kawaida anayetoa maoni? Safu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Gazeti linaweza kuongeza idadi ya wanawake maradufu kwa kuwaweka wote katika kundi la wanaosimulia yaliyowafika, huku utaalamu ukibaki mikononi mwa wanaume kama ulivyokuwa.

Mgawanyo huu unafanana na ule unaotumiwa katika mradi wa kimataifa wa kufuatilia habari unaoratibiwa na WACC, shirika la kimataifa la mawasiliano la Kikristo, ambapo watu wa kujitolea katika nchi nyingi huhesabu habari za siku moja ileile. Mradi ulianza mwaka 1995, mwaka uleule wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing, ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, na ambao katika maazimio yake ulitenga sehemu nzima kwa ajili ya wanawake na vyombo vya habari. Hesabu ya mwaka 1995 ilionyesha kwamba kati ya watu wote waliosikika, kuonekana au kutajwa katika habari, wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 24, mwaka 2015 asilimia 24 vilevile, na mwaka 2020 asilimia 25. Ziweke namba hizi karibu nawe unapofanya kazi, kwa kuwa zinatufundisha kutotarajia miruko mikubwa: robo karne nzima imeongeza pointi nane.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai uangalifu wa pekee ambao miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiujui. Lugha yetu haina kiwakilishi cha kike na cha kiume. “Alisema”, “yeye”, “wake” havikuambii lolote kuhusu jinsia ya msemaji. Utategemea jina, cheo na muktadha, na majina nayo hudanganya: Tumaini, Furaha, Imani, Bahati na Riziki huitwa wanaume na wanawake. Niliwahi kuwapa wanafunzi wawili ukurasa uleule wa gazeti la miaka ya themanini uliokuwa na daktari aitwaye Tumaini na muuguzi aitwaye Furaha. Wote wawili, kila mmoja akiwa peke yake, waliandika kwamba daktari ni mwanamume na muuguzi ni mwanamke, na hapakuwa na neno hata moja ukurasani lililosema hivyo. Walikuwa wameirekodi dhana iliyokuwa vichwani mwao, si ya gazeti. Kwa hiyo weka safu ya “haijulikani”, na uifanye kuwa kanuni kwamba jinsia haikisiwi kwa kazi ya mtu hata kidogo.

Kwa upande mwingine, Kiswahili hufichua katika vitenzi yale ambayo viwakilishi vinaficha, na mtafiti asiyechunguza vitenzi atakuwa amepoteza nusu ya mavuno yake. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja hutenda na mwingine hutendwa, na hilo tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena. Lakini angalia lugha hiyo ikihamia kwenye habari za jinai na za shule. Chukua kichwa cha habari ninachokitunga kwa mfano: “Wanafunzi kumi wapata mimba.” Kitenzi “wapata” kinawafanya wasichana kuwa watendaji pekee, kana kwamba mimba huokotwa njiani, na mwanamume hayumo katika sentensi. Kiandike upya: “Wanaume wawapa mimba wanafunzi kumi.” Tukio ni lilelile, lakini sasa kuna mtu wa kuulizwa. Vivyo hivyo “Mwanamke auawa, kisa wivu wa mapenzi” inatupa aliyekufa na inatupa sababu, lakini aliyeua hayupo, na wivu ndio unaobeba kosa lake. “Amuua mkewe kwa panga” inamrudisha muuaji mahali pake.

Kwa hiyo katika fomu yako ongeza safu mbili kwa kila kichwa cha habari kinachohusu ukatili: je, kitenzi ni cha kutenda au cha kutendwa, na je, mtendaji ametajwa? Tafuta vilevile maneno ya kufunika, kama vile “kuchezewa”, “kuingiliwa kimwili” na “kufanyiwa kitendo kibaya”, uone ni mwaka gani neno “kubakwa” linaanza kuandikwa waziwazi kichwani mwa habari. Ukitafuta hivyo utajikuta ukiangalia kwa makini miaka ya tisini, na kuna sababu. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilifanya kampeni ya muda mrefu kuhusu ukatili wa kijinsia, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sheria inapolitaja kosa kwa jina, mhariri naye hupata neno la kuandika. Linganisha vichwa vya habari vya kabla na baada ya mwaka huo, na usishangae ukikuta neno limebadilika lakini mtendaji bado hatajwi. Kwa macho yangu, hilo ndilo badiliko linalochelewa kuliko yote.

Majina ya kuitia watu nayo yana historia yake. Orodhesha kila mara unapokuta “mwanamama”, “mwanadada”, “kimwana”, “mrembo”, “jimama”, “mwanamke wa shoka”, na kile kijalizo cha “wa kike” kinachobandikwa kwenye rubani, dereva na fundi. Mwaka ambao gazeti linaacha kuandika “hakimu wa kike” na kuandika “hakimu” tu ni mwaka wa kuwekewa alama, maana hapo mhariri ameacha kuliona jambo hilo kuwa ajabu. Hata hivyo, naomba uangalifu kuhusu neno “mama”. Mtafiti aliyesoma vitabu vya nje huweza kudhani kwamba kumwita kiongozi mama ni kumrudisha jikoni. Kwetu Nyerere aliitwa Baba wa Taifa na wala hakuna aliyedhani anapunguziwa hadhi, na wanaomwita Rais Samia Suluhu Hassan “Mama” tangu alipoapishwa mwezi Machi 2021 wengi wao hunena kwa heshima. Kinachopimwa ni matumizi. Kama gazeti linaandika “Mama” linapozungumzia huruma yake, lakini linapozungumzia bajeti au jeshi linamtafuta mwanamume wa kunukuu, basi umepata jambo. Kama linaandika “Mama” na “Rais” bila mpangilio huo, usilazimishe.

Picha na matangazo hayahitaji maelezo marefu. Hesabu nani ameshika ufagio, nani ameshika usukani, nani anaongea na kamera na nani anaangaliwa. Katika matangazo ya redio na televisheni sikiliza sauti inayotoa maelezo: tangazo la sabuni ambalo mwanamke anafua huku sauti ya mwanamume ikimweleza ubora wa sabuni ni la kurekodiwa kwa jinsia mbili. Usimsahau mwanamume kama mwanamume pia. Ni mara ngapi anaonyeshwa amembeba mtoto, analia, au anapika bila kuchekwa? Katika futuhi zetu wanaume wengi wamevaa magauni ili kuchekesha. Jiulize kicheko hicho kinamlenga nani, na kama kimebadilika.

Redio ni ngumu zaidi kwa sababu maneno yake hupeperuka. Hapa utategemea kanda zilizosalia, miswada ya michezo ya kuigiza, na kumbukumbu za wasikilizaji, ambazo huchukuliwa kwa tahadhari kwa kuwa mtu hukumbuka zaidi kilichomgusa. Mfano mzuri wa kuanzia ni mchezo wa kuelimisha wa Twende na Wakati ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya njiani, ambaye baadaye anafariki kwa UKIMWI. Tunu, mkewe, anachoka, anamwacha, na anajitegemea kwa biashara ndogo. Tazama kitenzi tena: Tunu anaacha, haachwi. Huyu hakuwa mwanamke aliyepachikwa pembeni ili ahurumiwe, na Mkwaju hakuchorwa kama dume la kusifiwa. Wachunguzi wa mchezo huo walifanya jambo la kuigwa: kwa takriban miaka miwili mitambo ya Dodoma haikuurusha, ili mabadiliko ya wasikilizaji wa sehemu nyingine yalinganishwe na ya watu ambao hawakuusikia. Wewe huna uwezo wa kuzima mitambo, lakini unaweza kutafuta kitu cha kulinganisha, kwa mfano mchezo mwingine wa miaka hiyohiyo ambao haukuwa na lengo la kuelimisha.

Unapofikia kupanga matokeo kwa miaka, jihadhari na kishawishi cha kuchora mstari unaopanda tu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku vimini, nywele za bandia, krimu za kujichubua na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Magazeti, ya Kiingereza na ya Kiswahili, yalijaa barua za wasomaji waliounga mkono na waliopinga. Mtafiti atakayechukua miezi ile ataona mwanamke wa mjini akizungumziwa kwa wingi kupita kiasi, kama tatizo la taifa, na nguo yake ikichunguzwa kuliko kauli yake. Idadi imepanda, hadhi haikupanda nayo. Zisome barua zile moja moja, uandike jinsia ya mwandishi inapojulikana, kwa sababu zinaonyesha kwamba wasomaji wenyewe walikuwa wakibishana juu ya nani mwenye haki ya kuamua sura ya mwanamke Mwafrika.

Chagua pia mwanzo wako kwa haki. Anayeanzia mwaka 1968 anaweza kudhani kwamba sauti ya mwanamke hadharani ilikuja baadaye sana. Lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwishasafiri hadi Bombay mwaka 1928 na kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, na sahani zake zikauzwa na kusikilizwa pwani yote, zikiwemo nyimbo zilizosema waziwazi juu ya dhuluma walizofanyiwa wanawake. Si bure kwamba TAMWA walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Tumia angalau vipindi vinne, na kimojawapo kiwe cha kabla ya uhuru.

Ukishamaliza hesabu ya jumla, mfuate mtu mmoja. Hakuna kazi inayofungua macho kama hii. Mfuate Bibi Titi Mohamed, kwa mfano. Katikati ya miaka ya hamsini alikuwa akiwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu kujiunga na TANU, na baada ya uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa huru kwa msamaha mwaka 1972, kisha kwa miaka mingi jina lake likawa halisikiki. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara ya maktaba unamofanyia kazi inaitwa kwa jina lake. Tafuta toleo la kila hatua hiyo. Andika aliitwaje katika kila moja, picha yake ilikuwa na ukubwa gani, na maneno yake mwenyewe yalinukuliwa mara ngapi. Katika miaka ya ukimya usiruke; andika sifuri, mwaka kwa mwaka, kwa sababu sifuri hizo nazo ni matokeo.

Kabla ya kuandika ripoti, mpe mtu wa pili sehemu ya kumi ya kurasa zako azirekodi bila kuona fomu yako, kisha mlinganishe mstari kwa mstari. Mkikubaliana chini ya mara nane katika kumi kwenye safu yoyote, kosa liko katika maelezo ya safu hiyo, si kwa mwenzako. Yaandikeni upya na mrudie. Hesabu kwa asilimia, siyo kwa idadi tupu, kwa kuwa gazeti la kurasa nane na gazeti la kurasa arobaini hayalinganishwi kwa vichwa. Tuseme mwaka 1986 umekuta watu 200, wanawake wakiwa 24: hiyo ni asilimia 12. Mwaka 2016 umekuta watu 600, wanawake 132: asilimia 22. Sasa watoe wale wanaosimulia yaliyowafika, ubakize wasemaji na wataalamu tu, uhesabu upya. Ni kawaida asilimia ya pili kushuka, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inayostahili kuwa aya ya kwanza ya ripoti yako.

Ripoti yenyewe iandike kwa namna ambayo mhariri anaweza kuikagua: kila dai liwe na tarehe na ukurasa, na kila neno la kichwa cha habari linukuliwe kama lilivyochapwa. Usiandike “mwanamke anadhalilishwa”. Andika kwamba katika vichwa 40 vya habari za ukatili, 31 havikumtaja mtendaji, kama ndivyo ulivyokuta. Kisha chukua vichwa vitano kati ya hivyo, viandike upya chini yake vikiwa na mtendaji, kwa idadi ileile ya maneno, na upeleke ukurasa huo kwenye chumba cha habari asubuhi, kabla kikao cha wahariri hakijaanza.